Bi Shaikha na Neti ya Riali Kumi na Tano

Tangu kupata akili zake, Bi Shaikha binti Hamdun hajanunua kitu kwa bei aliyotajiwa. Alipokuwa msichana Unguja, kwao Vuga, muuza samaki akifika karibu na mlango wao alikuwa akipunguza sauti, asije akasikika akaitwa. Alipoletwa Omani na marehemu mumewe hakubadilika yeye, lilibadilika soko tu. Ijumaa asubuhi pale Nizwa, wenye mbuzi wanapozungusha wanyama wao na wanunuzi wamekaa duara wanatazama, Bi Shaikha alikuwa akiingia kati kati, anamshika mbuzi sikio, anamfungua mdomo, kisha anasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Huyu ana kikohozi." Hata kama mbuzi mzima wa afya. Bei inashuka papo hapo. Naye akishaishusha hamnunui, anakwenda kwa mwengine.

Mume alimfia, mabinti wakaolewa Maskati, yeye akabaki kwenye nyumba yake ya Firq, kando ya Nizwa, nyuma ya magereji, pahala ambapo tangu asubuhi ni nyundo na mabati. Alikaa na mwanawe mmoja wa kiume, Musallam, na mke wa Musallam, Jumana. Musallam kazi yake visima vya mafuta huko jangwani, wiki mbili yuko kazini, wiki mbili yuko nyumbani. Jumana ni mtoto wa Bahla, wazee wake walirudi kutoka Pemba, lakini yeye kazaliwa huku huku, Kiswahili chake kinachechemea. Alikuwa anasomea ualimu kwa njia ya neti, yaani mtandao. Na walikuwa hawajapata mtoto.

Neti yenyewe ilikuwa na mambo. Ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu, serikali ya mtaa ilishapitisha waya chini ya ardhi, watu wanatumia wanavyotaka. Upande wa Bi Shaikha waya haujavuka. Huku mtu ananunua kisanduku, anakiweka dirishani, kinavuta neti ya hewani, na analipa kwa mwezi. Musallam akampa mama yake riali ishirini na tano, akamwambia, "Mama, nendeni na Jumana dukani Nizwa, mchukue ile isiyo na kikomo. Jumana anaijua."

"Na mie nna macho," Bi Shaikha akasema.

Dukani walimkuta Aflah, kijana wa hapo hapo Firq, nyumba yao gereji ya tatu kutoka kwa Bi Shaikha. Kavaa dishdasha nyeupe imenyooka, kofia kaikaza, na kitambulisho cha kampuni kinaning'inia kifuani.

"Hii ya ishirini na tano, khala, ndiyo nzuri. Haina kikomo. Kasi kubwa mwezi mzima." Khala ni mama mdogo kwa Kiarabu, heshima ya kila mwanamke aliyekuzidi umri.

"Ishirini."

Aflah akacheka. "Khala, hii bei ya kampuni. Si yangu mie."

"Mwite mwenyewe."

"Mwenyewe yuko Maskati."

"Mpigie. Si unauza simu?"

Watu wakaanza kugeuka. Jumana akamgusa mkono. "Ammati," akasema, maana ndivyo huku mwanamke anavyomwita mama mkwe, "hapa bei hawapunguzi. Iko imeandikwa."

"Kila kilichoandikwa kimeandikwa na mtu. Kumi na tano, mwanangu Aflah, na mie nishaondoka." Akaikunja abaya yake, akashika njia ya mlangoni polepole, vile vile anavyofanya kwa mwenye mbuzi, hageuki nyuma, anahesabu moyoni.

Aflah alikuwa na foleni na hakutaka kelele. "Khala, rudi. Kumi na tano ipo."

Bi Shaikha alirudi na uso wa mtu aliyeolewa upya.

"Ammati, ile ni nyingine," Jumana akamnong'oneza. "Ile iko na kikomo. Giga akiisha, neti anakuwa polepole mpaka mwezi mosi."

"Nyamaza. Ukisema hivyo mbele yake atapandisha."

Aflah naye, haki yake apewe, alieleza. Kwa Kiarabu cha haraka alisema giga ni mia mbili, zikimalizika kasi inashuka inakuwa ya zamani zile, picha hazipiti vizuri, mpaka mwezi uandame mwengine. Bi Shaikha alilisikia neno mia mbili tu, akaona ni nyingi. "Mia mbili za nini? Sisi nyumba nzima watu watatu." Jumana alitaka kuusoma mkataba. Mama mkwe akamvuta mkono, akatia sahihi yake kwa kidole juu ya kioo, alama mbili tatu kama miguu ya kuku, na wakatoka.

Zile riali kumi zilizobaki alizifunga kwenye pembe ya leso. Habari ile aliizungusha mitaani muda mrefu. Kila penye kahawa na tende na wanawake wa kwao, Bi Shaikha alisimulia jinsi alivyoipeleka kampuni nzima mlangoni ikamrudisha yenyewe. "Nyie mnalipa ishirini na tano kama mabubu," alikuwa akiwaambia. Na wao wakicheka, wengine wakiona haya kweli.

Sasa, Makka.

Dishi la juu ya nyumba liling'olewa na upepo mwaka wa dhoruba. Fundi alikuja akasema riali kumi. Bi Shaikha akasema nne. Fundi akapanda gari lake. Basi dishi likabaki limelala juu ya dari kama sufuria, na televisheni kubwa aliyoinunua Musallam ikawa inavuta kila kitu kwenye neti. Na kitu alichokitaka Bi Shaikha ni kimoja: Makka, moja kwa moja, mchana na usiku, kwenye majlis, chumba cha wageni ambacho siku nyingi hakina mgeni. Alisema nyumba ambayo Makka haionekani ndani yake hupata wapangaji wasiolipa kodi, na alikusudia mashetani. Picha ilikuwa safi ajabu. Ukisimama mlangoni unawaona watu wanatufu, wanaizunguka Kaaba, unaona mpaka njiwa. Yeye mwenyewe alikaa jikoni au ukumbini. Kule alipita tu, akachungulia, akasema Allahumma swalli, akaendelea na shughuli zake. Rimoti aliitia ndani ya mfuko wa nailoni, akaifunga, akaificha chini ya mto. Ole wa atakayeigusa.

Mwezi wa kwanza, kabla haujafika nusu, watu wa Makka wakaanza kufifia. Njiwa wakapotea. Mahujaji wakawa kama punje za mchele zinazochemka. Bi Shaikha alidhani macho yake. Mwezi mosi ulipoingia, wakarudi safi, naye akashukuru kwamba macho yamepona. Mwezi wa pili ikawa vile vile. Mwezi wa tatu akaona hapana, hapa kuna mtu.

"Unasoma nini wewe," akamwambia Jumana, "kinachomaliza neti ya watu?"

"Mie nasoma maandishi, ammati. Maandishi haina uzito. Televisheni ndo anakula. Yeye hajalala hata siku moja."

"Televisheni inaonyesha nini?"

"Makka."

"Kwa hiyo Makka inakula. Rudia hivyo hivyo mbele ya baba yako, kwamba Makka mla."

"Ammati, mie sikusema Makka. Nasema picha. Weka radio, kuna Kurani saa zote, bure. Au tutengeneze dishi."

"Hutanifundisha kusikiliza Kurani, wewe usiyejua kusema kiti kimevunjika."

Hapo pangetosha. Jumana alikuwa kishageuka kurudi chumbani. Lakini Bi Shaikha hajui kuacha neno la mwisho kwa mtu, na ulimi wake ukatafuta mahali penye kidonda, ukapajua.

"Mwanangu alitaka mke, kaletewa tumbo tupu na macho ya kutazama kioo. Mwanamke mwenye kazi ya maana tumboni hana nafasi ya kumaliza neti."

Jumana aliingia ndani, akatia nguo zake kwenye begi, na kabla ya adhuhuri kaka yake akaja kutoka Bahla kumchukua. Kwenye mlango Jumana alisema kwa Kiarabu, kwa adabu zote, kwamba Musallam akirudi anajua njia ya kwao. Akaondoka na simu yake, ambayo ndiyo simu pekee ya nyumba ile iliyokuwa na neti yake yenyewe. Bi Shaikha alibaki na tableti aliyonunuliwa na wanawe, inayotegemea kisanduku cha dirishani. Musallam alikuwa kisimani, na mama yake alimtumia sauti moja tu: "Mkeo kaenda kwao kupumzika."

Neti haikupata nafuu. Jumana hayupo, na Makka ikawa ile ile ya mchele. Mtu mwengine angejiuliza. Bi Shaikha alisema, "Kaiharibu kabla ya kuondoka."

Ndipo ilipokuja sauti ya Tahira kutoka Unguja.

Tahira ni binti wa Amna, na Amna ni mdogo wake Bi Shaikha, tumbo moja, maziwa mamoja. Walikuwa hawajasemezana miaka inayokaribia arubaini. Mama yao alifariki Unguja mikononi mwa Amna, na Bi Shaikha, akiwa Omani na Musallam mchanga kifuani, aliletewa habari baada ya arubaini kupita. Khitma imesomwa, kanga za marehemu zimegawiwa, kaburi limeshaota majani, ndipo yeye anaambiwa mama yako hayupo. Hakuuliza kwa nini. Alimtuma mtu amwambie Amna, "Sauti yako nisiisikie tena mpaka naingia kaburini." Tangu hapo kila aliyefika kutoka Unguja na salamu za Amna alikatizwa mwanzoni: "Leta habari nyengine." Na watu wakaleta habari nyengine, maana nani atagombana na Bi Shaikha.

Sauti ya Tahira ilifika imekatika vipande, Bi Shaikha akaisikiliza mara tatu kuiunga. "Mama mkubwa, shikamoo. Mama figo zimekataa. Madaktari wamesema tumrudishe nyumbani. Hana analolitaka ila radhi yako. Nakuomba, mama mkubwa. Neno moja tu."

Bi Shaikha alikaa na tableti mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akabonyeza, akajibu: "Radhi haitolewi gizani kama sadaka ya mwizi. Nimuone uso, naye anione. Kesho alasiri."

Na alikusudia kumpa. Lijulikane hilo. Siku hiyo alioga, akavaa nguo yake ya Idi, akajifukiza udi, akajifunga leso mpya juu, na riali zake akazihamishia pembeni mwake. Akaenda kukaa majlis, pahala pa heshima, tableti akaiegemeza kwenye sinia ya tende. Nyuma yake mahujaji wanachemka. Neno alishaliandaa, fupi: "Nimekuweka radhi, Amna, dunia na akhera." Alilijaribu mara mbili peke yake, na mara zote mbili hakulimaliza, akajikohoza kwa hasira.

Tableti ikalia. Uso ukaja.

Amna alikuwa kichwa cheupe kitupu, mashavu yameingia, mpira mdogo wa hewa uko puani. Bi Shaikha alimtafuta yule msichana mwenye mashavu, hakumuona ila kwenye macho.

"Dada," Amna akasema. "Dada, kwanza nikwambie. Mama ndiye ali..."

Na hapo akaganda. Mdomo wazi, jicho moja nusu limefumba. Kiduara kikaanza kuzunguka juu ya uso wake.

Bi Shaikha hasira zikampanda zote kwa pamoja, na mazoea ni kitu kibaya. Akageuka mlangoni, midomo kaibinua, akapiga ukelele, "Jumana! Toka kwenye neti!" Nyumbani hamna mtu. Akakumbuka.

Sauti ya Tahira ikawa inapita, inakwaruza, inakuja na kupotea. "Mama mkubwa... picha imekwama... sauti inapita lakini. Kama kuna kitu kingine kinatumia neti kizime. Sema tu. Sema, anakusikia."

Bi Shaikha aliutazama ule mdomo wazi. Aliona kama anafanyiwa mzaha.

"Simsemeshi mtu aliyeganda," akasema. "Picha irudi kwanza."

"Mama mkubwa, wallahi anakusikia. Neno moja."

"Nimesema uso kwa uso. Picha irudi."

Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kioo kikawa cheusi, na juu yake Bi Shaikha akajiona mwenyewe na nguo ya Idi.

Alijaribu tena na tena. Haikuunga. Jua lilipokuwa linashuka alisimama kwenye geti, akamuona Aflah anarudi kutoka kazini, akamwita kama anavyoitwa mwizi.

"We Aflah! Umeniuzia kisanduku kibovu!"

Aflah akaingia, akavua viatu, akakitazama kisanduku. Taa zote kijani. Akafungua simu yake, akaingiza namba ya nyumba, akasoma. Kisha akainua kichwa, akaitazama televisheni.

"Khala, hii inazimwa saa ngapi?"

"Haizimwi."

"Basi ndiyo hii. Giga zako zilimalizika zamani. Sasa umebakia na kijia chembamba, na hicho kijia chenyewe amekaa huyu kati kati. Izime tu, walau sauti itapita."

"Nizime Makka? Kwa neno la muuza simu?"

"Sawa. Kuna njia nyingine." Kijana alikuwa na subira, na pengine alikumbuka siku ile dukani, ikamkaa vibaya. "Unaongeza riali tano. Nabonyeza hapa hapa, kasi yote inarudi dakika hii. Unazungumza na jamaa zako, picha kama maji."

Riali tano. Kwenye pembe ya leso aliyojifunga zilikuwemo, na zaidi. Bi Shaikha alizishika kwa nje, kwa vidole, kama mtu anayepapasa mbuzi mbavu.

"Tulipatana kumi na tano."

"Kumi na tano ni ya giga mia mbili, khala. Zimekwisha."

"Ulisema kumi na tano mbele ya watu. Leo unaniona nina shida ndo unapandisha. Nakupa mbili."

"Khala, hii si mbuzi."

"Mbili na nusu."

Aflah akacheka, si kwa dharau, ila hakujua afanye nini na uso wake. Lakini alicheka, na Bi Shaikha akamuona. Basi ikawa imekwisha. Kijana alipong'amua akatoa simu yake mwenyewe, akamnyooshea. "Chukua hii. Ina neti yake. Mpigie, mie nangoja nje."

"Nizungumze mambo ya damu yangu kwenye simu ya muuza simu? Toka, mwanangu. Msalimie mama yako."

Aflah akavaa viatu. Mlangoni akasema, "Mwezi mosi giga zitarudi zenyewe. Zimebaki siku nne."

"Siku nne atangoja," Bi Shaikha akasema. "Mie aliningojesha siku arubaini."

Amna alingoja mbili.

Habari haikuja kwa neti ya Bi Shaikha. Tahira alimpigia Musallam, Musallam akampigia mkewe Bahla, na Jumana, ambaye hakuwa na deni lolote kwa nyumba ile, akarudi na begi lake, maana msiba ni msiba. Aliingia, akampa mama mkwe pole, akambusu kichwa, akaenda jikoni kutia kahawa kwenye mabirika. Musallam alikuwa bado njiani anatoka jangwani.

Siku ya pili ya matanga ilikuwa mwezi mosi. Majlis ilijaa wanawake wa kwao, wa Nizwa, wa Bahla, na gari zima lilitoka Ibra na Bi Khulood, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya taratibu na masikio makali. Kila mtu alikaa chini ya ile televisheni. Na Makka, tangu alfajiri, ilikuwa imerudi. Ukitaka kuwahesabu njiwa utawahesabu.

"Mliwahi kuwekana radhi?" Bi Khulood akauliza. Wote walijua habari ya ndugu wawili wale.

"Nimempa," Bi Shaikha akasema. "Uso kwa uso, kwenye tableti hii. Nilivaa nguo yangu ya Idi."

"Alhamdulillahi," wanawake wakaitikia. Wengine wakajifuta macho. Mmoja akasema moyo wa Shaikha watu hawaujui, nje mwiba na ndani tende. Bi Shaikha akainamisha kichwa, akaipokea sifa ile polepole, kama haki yake iliyochelewa. Jumana alikuwa anapita na sinia ya vikombe. Alisikia, akaendelea kugawa vikombe.

Tableti ikalia mara moja. Jumana ndiye aliyekuwa karibu, akaitazama. "Sauti ya Tahira, ammati."

"Ifungue."

Jumana akaona ilivyo ndefu. "Labda baadaye, ammati. Chumbani."

"Kwa nini chumbani? Hawa si watu? Fungua waisikie mtoto wa marehemu anavyonishukuru."

Jumana akabonyeza, akaiweka juu ya sinia ya tende, pale pale.

Sauti ya Tahira ikatoka safi, haikwaruzi, haisiti, kama yumo chumbani.

"Mama mkubwa, shikamoo. Mama tumemzika. Nimeachiwa amana yake, lazima niitue. Alitaka akwambie mwenyewe, neti haikumpa. Bibi alipokuwa anakata roho, ni yeye aliyemwambia mama, Shaikha asiambiwe mpaka ajifungue. Alisema mwanangu kishaharibu mimba mbili, na hii ikitoka kwa msiba wangu atanifuata. Akamshikisha mama msahafu. Siku tuliyosikia umejifungua Musallam salama, mama siku ile ile ndipo alipokuletea habari. Na wewe ukamwambia asikusemeshe. Akanyamaza miaka yote hiyo."

Mimba mbili. Katika chumba kile hakuwemo mtu aliyekuwa akijua habari ya mimba mbili. Jumana alisimama na birika mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alimtazama mama mkwe usoni.

"Bado, mama mkubwa," Tahira akaendelea, kwa sauti ile ile bila ya kupanda. "Siku ile tulipozungumza niliikamata picha yako kwenye simu, ili mama abaki nayo. Sikuitazama vizuri. Ikatoka umempa upande wa shavu, mdomo umeubinua. Nyengine hatuna. Yeye akawa anaishika simu, anauliza, bado kageuka? Tukamwambia, mama, ni neti tu ile. Akasema hapana, dada namjua. Kauliza mpaka alfajiri ya kufa kwake. Mie silaumu mtu. Nimefikisha. Nipe pole, mama mkubwa."

Kwenye televisheni watu wanatufu, wazi kabisa, mpaka nyuzi za ihramu zao.

Hakuna aliyemtazama Bi Shaikha. Kila mtu kapata kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake. Bi Khulood akazungusha kahawa yake mara moja, mara mbili, hakuinywa.

Bi Shaikha aliiweka sawa leso yake. Alinyoosha shingo, vile vile alivyokuwa akinyoosha kati kati ya duara la mbuzi.

"Inakatakata," akasema. "Neti hii mbovu. Sikusikia hata neno."

Kisha Jumana akaweka birika chini. Akaisogeza tableti ikae vizuri juu ya sinia, mbele ya wageni wote, akakiweka kidole chake juu ya kioo.

"Nirudie, ammati?" akasema kwa Kiswahili chake kile. "Leo neti iko na kasi."